Difu la Mbele

ALHAMISI, BAADA YA ALASIRI

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, Raskazone, katikati ya mapipa ya oili chafu. Hashil alichora kwa chaki sakafuni. Nyumba. Mlima. Msikiti.

"Mwera," alisema. "Nyumba ya Bi Shariffa, bondeni. Kasha la chuma liko ukumbini, na dhahabu ya ukoo mzima imo ndani. Kulivunja pale hatuwezi. Tunalibeba zima."

"Walinzi?" aliuliza Muntasir. Huyu alichukuliwa kwa ajili ya mabega yake.

"Wawili. Ijumaa wote wanapanda msikitini, bibi yuko Pemba. Tunaingia wakati wa hotuba, tunatoka kabla ya salamu. Tutavaa kanzu, nani atatuuliza?"

Kilichobaki ni mlima. Njia ya kutoka ilikuwa moja, udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Pikapu la Hashil lilikuwa la kazi nzito, lakini alilivalisha matairi makubwa ya kujionyesha, na tangu siku hiyo likipakiwa linahema.

Wakamtazama Uweso, fundi. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Matairi yamekula nguvu," alisema. "Nabadilisha gia za ndani ya difu, zile zinazozungusha magurudumu, difu la nyuma na la mbele. Injini itazunguka zaidi, tairi litazunguka kidogo. Mwendo utapungua, lakini litavuta."

"Fanya."

"Nina sharti. Tahiri haji."

Tahiri alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, kijana wa miaka ishirini na sita, na dereva wa Hashil katika kazi tatu zilizopita. Uweso hakutaka ya nne.

"Wallahi, haji," alisema Hashil. Aliapa upesi, kama waapavyo watu waliozoea kuapa.

IJUMAA, ASUBUHI

Uweso alimaliza difu la nyuma, akafunga, akatia oili. La mbele hakuligusa. Gia zake mpya alizifunga kwenye gunia, akazisukuma nyuma ya mapipa.

Alijua anachofanya. Sasa nyuma na mbele hazikulingana. Barabarani hakuna atakayejua, kwa sababu magurudumu ya mbele hayavuti mpaka dereva avute ule mkono mdogo wa gia. Akiuvuta huku gari lina mzigo, mbele na nyuma zitapigana mpaka kitu kivunjike. Na mlima ule wenye tope haupandiki bila kuuvuta. Watakwama pale pale, msikiti utamwaga watu, na Hashil atakutwa na kasha mgongoni. Akifungwa, Tahiri atakuwa huru. Basi. Uweso alikuwa amechoka kufikiria njia nyingine.

Hashil alikuja na kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Akalijaribu gari mpaka ufukweni na kurudi.

"Linavuta!" alisema. Hakuinama kutazama chini. Angechafua kanzu.

Kisha akaita, "Tahiri! Kamata usukani."

Tahiri alitokea nje ya geti, naye amevaa kanzu. "Shikamoo, mjomba."

Uweso alimgeukia Hashil. "Hashil, uliapa."

"Nitafunga siku tatu, kafara ya kiapo. Muntasir hajui kuendesha kwenye tope." Hashil akatabasamu. "Halafu, fundi haharibu gari analoendesha mtoto wa dada yake. Au vipi?"

Alisimama kati yao, asiwaache waongee. Uweso akapanda nyuma, pa kupakia mzigo.

"We unakwenda wapi?" aliuliza Hashil.

"Likiharibika mtamwita nani?"

IJUMAA, HOTUBA

Kasha lilitoka ukumbini juu ya vipande vya bomba, likapandishwa kwa mbao mbili. Muntasir alitokwa na damu puani kwa kusukuma. Kutoka juu ya mlima kipaza sauti kilimleta khatibu mpaka uani, akiwausia watu kuhusu amana. Hakuna aliyecheka.

Wakaanza kupanda. Nusu ya mlima gari lilipanda vizuri, na Uweso, Mungu amsamehe, aliona fahari kidogo. Kisha matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka bure.

Hotuba ikaisha. Swala ikakimiwa.

"Vuta mkono mdogo!" Hashil alifoka.

Uweso alikuwa amebanwa kati ya kasha na dirisha la kebini lisilo na kioo. Akinyamaza, kijana anakamatwa pamoja nao. Akisema, wataliacha kasha na kuponyoka, na kijana anabaki wa Hashil maisha yake yote. Hakuweza kunyamaza.

"Tahiri, usivute!"

Hashil aligeuka. Tahiri alimtazama mjomba wake kwenye kioo cha kutazamia nyuma, bila mshangao wowote.

"Nati za difu la mbele hazijafunguliwa, zina tope la tangu masika yaliyopita, mjomba," alisema. "Nimeliona asubuhi."

Akavuta, akakanyaga mafuta.

Gari lilinguruma, likatetemeka, kisha chini pakalia mlio mmoja mkubwa wa chuma. Likasimama.

IJUMAA, SALAMU

Hashil alishuka, akapiga magoti kwenye tope na kanzu yake ile. Alitazama chini ya gari. Alipoinuka bastola ilikuwa mkononi.

"Umeniuza, fundi."

Alipiga risasi moja, ikamwingia Uweso pajani. Muntasir alikuwa ameshakimbilia minazini. Hashil akamfuata, kanzu ameikunja mpaka kiunoni.

Tahiri alirukia nyuma, akavua kanzu yake, akaikunja, akaigandamiza pajani kwa mikono yote miwili.

"Kimbia," Uweso alimwambia. "Hawajakuona. Haya yote nilifanya uondoke, mwanangu. Kimbia."

"Nikikimbia, hii damu ataizuia nani?"

Uweso alianza kulia, mzee mzima. Juu, watu walikuwa wanatoka msikitini wakiulizana mlio ule ni wa nini. Wa kwanza kuteremka alikuwa mlinzi wa Bi Shariffa, ndala mkononi kwa ajili ya tope. Aliliona kasha, akalitambua, akaokota jiwe.

"Mikono juu!"

"Nikiinua atakufa," alisema Tahiri, na hakuinua.