Mita Sabini za Hewa

Saa moja kasorobo asubuhi, lifti ya mafundi ilikuwa imeshiba watu. Ni kizimba cha nyavu za chuma kinachopanda ubavuni mwa jengo kwa kelele za kutoboa masikio, na kila asubuhi mamia ya watu hukipangia foleni. Mlango ulipoanza kufungwa, kijana mmoja akajipenyeza. Alivaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na kofia yake ya kazi ilikuwa bado na karatasi ya bei. Kwapani alibana mkebe mrefu wa michoro. Alipogeuka, mkebe ukamgonga mtu shavuni.

"Samahani, kaka... eh, samahani sana, dada!"

"Chagua moja," alisema mwanamke aliyegongwa. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kitambaa chekundu chini ya kofia ya kazi, na ingawa alizungukwa na jasho na grisi, alinukia marashi. "Hicho nini, bunduki?"

"Michoro ya ncha ya jengo. Mimi ndiye mhandisi wake."

"Aa, kumbe ni wewe!" Alimtazama toka viatu hadi kofia, kama mtu anayetazama nyanya alizouziwa gizani. "Hebu niambie, hiyo ncha ndani ina nini? Ofisi? Tangi la maji?"

"Ndani hakuna kitu. Ni... ni ya sura tu."

"Mita ngapi?"

"Sabini."

"Jamani, mmesikia? Mita sabini za hewa! Na mimi ndiye nitakayeipandisha."

Lifti nzima ikaangua kicheko. Huyo alikuwa dereva wa kreni kuu, kazi aliyokuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja bila kuangusha hata ndoo.

Na alikuwa na haki ya kudharau. Choo cha mwisho cha jengo lile kilikuwa ghorofa ya tisini na mbili. Juu ya hapo hapakuwa na hata pa kutundikia koti. Mwenye jengo, mzee mnene aliyetaka kila mtu amwite Mwenyekiti, alikuwa amesikia kwamba mji mwingine una ghorofa linalolizidi lake kwa mita tano. Akakosa usingizi wiki nzima, kisha akaagiza ncha. Huko chini, kivuli cha jengo kilifunika soko la mitumba toka saa tatu hadi saa sita, na nguo za watu wa mtaa wa nyuma zilianikwa siku mbili kabla ya kukauka. Pampu zake zilipofanyiwa majaribio, mabomba ya majirani yalikohoa tu. Mwenyekiti aliliita jengo hilo zawadi kwa wananchi.

Mhandisi hakukasirika kwa kuchekwa. Kesho yake alipanga foleni nyuma ya kitambaa chekundu, na kesho kutwa yake pia. Wiki ya pili alipata namba ya simu. Wiki ya tatu, saa ya chakula cha mchana ilikuwa yao. Mhandisi alikaa dirishani ghorofa ya arobaini, mwenzake ndani ya kibanda cha kreni, juu ya kila kitu.

"Inua macho, mpenzi."

"Nimeinua. Naona tumbo la kreni tu."

"Basi ndiyo sura yangu ya leo. Umekula?"

"Nimekula. Nimekukumbuka pia."

"Kwa mpangilio huo? Chakula kwanza?"

"Wewe ukinijibu vibaya tumbo linauma, kwa hiyo najaza mapema."

Dereva alicheka hadi mafundi waliokuwa chini yake wakatazamana. Alikuwa amewadharau wanaume wengi wa suti, naye alijishangaa kumpenda huyu. Jumamosi jioni walitembea mtaani wameshikana mikono, yeye kwenye gauni la manjano, na kila walipofika kona iliyolionyesha jengo alimfunika macho kwa kiganja. "Usilitazame. Litajiona zuri."

Siku ya kupandisha kipande cha mwisho cha ncha ikafika. Lilisimamishwa hema jeupe, zikaja kamera, likapulizwa tarumbeta. Mwenyekiti alivaa suti nyeupe na miwani ya jua. Saa nne kasorobo upepo ukaamka.

Kwenye kibanda, dereva alisoma kipima upepo. Mwisho wa kuinua chuma cha ukubwa ule ulikuwa kilomita thelathini na sita kwa saa. Kipimo kilisoma hamsini na moja.

"Siinui," alisema kwenye redio.

"Inua," alijibu meneja wa ujenzi kutoka hemani. "Mwenyekiti amesimama, wageni wamesimama."

"Wakae. Chuma hiki kikianza kuzunguka kitafagia mafundi sita walio juu ya paa."

"Mhandisi ameshatia saini. Amesema upepo si tatizo."

Redio ilikoroma. "Mhandisi yupo hapo? Aseme mwenyewe."

Alikuwepo, hatua moja tu kutoka kwenye redio. Hakuwa ametia saini yoyote. Mwenyekiti alikuwa amemwekea mkono begani na kumtambulisha kwa wageni kama mwanawe wa kumzaa. Mhandisi alifumbua mdomo, akaufumba.

"Nauliza, yupo?"

Mkono wa Mwenyekiti ulibaki begani mwa mhandisi.

Dereva alizima mtambo, akashuka ngazi moja moja. Alipofika chini, upepo uling'oa hema zima, ukalibwaga juu ya tarumbeta na miwani ya Mwenyekiti. Wageni walikimbia wakishika wigi na kofia. Hakuna aliyeomba radhi. Meneja alimfukuza dereva kazi hapo hapo, huku akitema vumbi.

Mhandisi alipiga simu siku nne. Ya tano ikapokewa.

"Ulitia saini?"

"Hapana. Haki ya Mungu sikutia."

"Ulinisikia nikiuliza?"

"Nilikusikia."

"Ningekusamehe ungekuwa mjinga," alisema, akakata.

Wiki iliyofuata wakaguzi wa usalama kazini walikaa kikao. Meneja alileta fomu yenye tarehe ya siku ile, iliyosema kwamba upepo ulikuwa tulivu na dereva alishikwa na woga. Ilibaki saini moja. Akaisogeza mbele ya mhandisi, na kalamu juu yake.

"Fomu hii ni ya uongo," alisema mhandisi. Akamrudishia meneja kalamu. "Upepo ulikuwa hamsini na moja. Dereva aliokoa watu sita. Na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Andikeni na hilo."

Mchana huo huo alitolewa ofisini na walinzi wawili. Baada ya mwezi, siku tulivu, dereva mwingine alipandisha ncha. Mwenyekiti akapata mita zake. Watu wa soko walihamisha meza zao kufuata jua, wakaendelea na shughuli zao.

Mhandisi alimkuta dereva upande wa pili wa mji, ambako sasa aliendesha kreni ndogo kwenye ujenzi wa wodi ya wazazi ya ghorofa nne. Alikuwa ameketi juu ya matofali akila.

"Umekuja kuhesabu ghorofa?"

"Nimekuja kukuambia nilikuwa mwoga."

"Hilo nalijua. Lete jipya."

"Nimefukuzwa."

"Nalo nimelisikia. Na barua ya wakaguzi nimeisoma, maneno yako yamo." Alifunga bakuli lake polepole. "Kwa nini siku ile hukusema?"

"Alinishika bega. Niliona nikisema, mkono ule utaondoka. Kwa dakika moja niliutaka kuliko wewe. Naona aibu kila nikiamka."

Dereva alimtazama. Dharau ilikuwa bado machoni, ila sasa ilikuwa na unyevu. "Angalau siku hizi unaongea kama mtu."

Mhandisi akaanza kupiga goti.

"Inuka wewe, hapa pana misumari! Kama unanitaka, Jumapili njoo umwambie baba. Na usilete mtu wa kukusemea."

Baba yake alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye mashine ya kusaga kokoto, na masikio yake yaliishia huko. Alimkaribisha mgeni barazani, akamwinamia.

"Mzee, nimekuja kuomba kumuoa binti yako."

"Kumuona? Si huyo hapo! Muone."

"Kumuoa, mzee!"

"Eeh?"

Mhandisi akasimama, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka madirisha ya jirani yakafunguka: "NAMPENDA BINTI YAKO! NATAKA KUMUOA!"

"Tumesikia!" alijibu mama mmoja kutoka ng'ambo ya barabara.

Mzee aliitikia kwa kichwa na kumwonyesha kiti. Lakini binti yake, mlangoni na gauni la manjano, alikunja mikono.

"Rudia."

"Mpenzi, mtaa mzima umesikia."

"Mtaa ndiyo. Mimi bado nasikiliza."

Akarudia.