Mtaa Mzima Unaumwa Kichwa

Wewe ungejibu nini, ukiulizwa dirishani unaumwa nini, na nyuma yako kuna foleni ya watu thelathini wenye masikio mazuri? Usijibu haraka. Kijiko naye alidhani ni swali jepesi.

Kijiko lilikuwa jina la utani, kwa sababu ya wembamba wake. Alikuwa msichana wa darasa la sita. Kila asubuhi alichota ndoo mbili bombani, akamwachia Bibi moja ya kupikia na moja ya kufulia, ndipo akavaa sare. Bomba lenyewe lilikuwa limepasuka tangu mvua kubwa. Lilipita ndani ya mtaro wa maji machafu, na maji ya kwanza ya asubuhi yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Watu waliyaacha yatulie kidogo, wakayatumia hivyo hivyo.

Siku moja tumbo la mdogo wake wa miaka minne likaanza kuendesha. Mama yao alikuwa kiwandani.

"Mpeleke zahanati," Bibi akasema. "Wakikuuliza, sema kichwa. Usiniaibishe kule."

Bibi alikuwa na sababu yake. Karani wa mapokezi alikuwa na tabia ya kurudia kwa sauti kila alichoandika, kama mtu anayeita abiria. Mwezi uliopita fundi cherehani wa mtaa alisema ukweli dirishani pale, kwamba anaharisha, na tangu siku hiyo watoto wakamwita Fundi Mbio. Hata wateja wake walimwita hivyo.

"Mtoto anaumwa nini?" karani aliuliza.

"Kichwa."

"Kiiichwa," karani akaandika. "Nenda kwa nesi, dirisha la pili."

Wagonjwa wa kichwa na mafua hawakumwona daktari, maana daktari alikuwa mmoja kwa mitaa mitano. Walipewa dawa ya maumivu, wakarudi nyumbani. Kijiko naye akarudi na chupa yake ndogo, na tumbo la mdogo wake likaendelea vile vile.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya Daktari kufundisha afya shuleni. Alikuwa mama wa makamo, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alikuwa kwenye kamati ya shule, na Jumamosi alishika jembe kuzibua mtaro pamoja na wenzake. Siku zote aliingia darasani akitania. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha mwalimu bila hata kushika chaki, akatoa barua kwenye mkoba.

"Hii ni mara ya nne wananikatalia," alisema. "Nimeomba ofisi ya afya ya wilaya watubadilishie bomba. Wanasema mitaa saba inaomba, na wao wana mabomba ya mtaa mmoja tu, kwa hiyo wanafuata daftari la wagonjwa. Sasa daftari letu la mwezi uliopita linasema nini? Kichwa, watu mia moja arobaini. Kuharisha, mtu mmoja."

Darasa likacheka. Kila mtu alimjua huyo mmoja.

"Wameniletea vidonge vya kichwa katoni sita. Nivifanyie nini, nijengee ukuta? Naiona foleni ya choo cha shule hii, na si foleni ya watu wanaoumwa kichwa. Lakini nikijua mimi peke yangu haisaidii. Nimechoka, wanangu."

Mkono wa Kijiko ukaanza kupanda. Ulipofika usawa wa sikio, mvulana wa dawati la nyuma, waliyemwita Redio kwa kutangaza mambo ya watu, akamnong'oneza, "Vipi, unaomba ruhusa ya mbio?" Kijiko akajikuna kichwa, akaushusha.

Alhamisi alipotoka shule alimkuta mdogo wake amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi. Kijiko hakuvua hata sare. Akambeba mgongoni, Bibi akafuata na fimbo yake.

Foleni ilikuwa ndefu, na Redio alikuwamo pamoja na mama yake. Watu walipomwona mtoto alivyolegea, wakampisha Kijiko mbele.

"Anaumwa nini?"

Kijiko akaisikia foleni nzima ikisogea karibu mgongoni kwake.

"Anaharisha. Leo siku ya tatu. Juzi nilikwambia kichwa, nilidanganya."

Kwa mara ya kwanza karani hakurudia alichosikia. Redio akacheka, na mama yake akamfinya.

"Unacheka nini, na wewe umeamkia chooni?" Kisha akainama dirishani. "Karani, huyu wangu nilikuwa nimekuja kusema kichwa. Andika tumbo."

Nyuma mtu akakohoa. "Na mimi."

"Na sisi wawili."

Daktari akatoka chumbani kwake, akampokea mtoto, akaanza kumnywesha maji ya dawa kijiko kwa kijiko. Kabla jua halijazama, mtoto alikuwa anaomba chakula. Kuanzia siku hiyo karani aliandika mdomo umefungwa, na wagonjwa walimkaribia mmoja mmoja, wengine wakingoja mbali. Mwezi ulipokwisha, daftari lilionyesha watu tisini na saba wa kuharisha. Afisa wa wilaya akaja na futi yake ya kupimia, akachungulia mtaroni, akaziba pua. Wiki tatu baadaye bomba jipya lilipita upande wa pili wa barabara.

Siku lilipofunguliwa, Daktari aliwakusanya wanafunzi.

"Miezi mitano nimekasirikia ofisi," aliwaambia. "Kumbe nusu ya kosa ilikuwa dirishani kwangu mwenyewe. Serikali haiwezi kuingia tumboni mwa mtu, inasoma tulichoandika. Tukiandika uongo, inatibu uongo, na mtoto anabaki na ugonjwa wake. Ukiumwa, sema unachoumwa. Na sisi tunaowahudumia lazima tuwape mahali pa kusema bila kuchekwa."

Bibi naye alikuwa na neno lake tangu ile Alhamisi. Mara nyingi alianza, "Mjukuu wangu…" kisha akauliza chumvi iko wapi, na chumvi iko mbele yake. Jioni hiyo aliweka mwiko chini, akamshika Kijiko mkono.

"Ule uongo ulikuwa wangu," alisema. "Niliogopa kuchekwa, mtu mzima mwenye mvi, nikakutwika wewe uubebe. Nisamehe, mama."