Pafu la Mpira

Pafu la mpira halina mwenyewe. Ni kifuko cha kijivu, ukubwa wa ngumi mbili, kinachochomekwa kwenye mashine ya kupumulia ili madaktari wajifunze bila kumuua mtu. Kwa hiyo Pilipili alipoiona kwenye kioo cha mashine ile alama ya kijani, ambayo huwaka pale tu mgonjwa anapovuta pumzi mwenyewe, alidhani macho yake yamechoka.

"Shemeji, hebu njoo uone. Hili pafu linavuta."

"Linavuta sigara?"

"Acha utani wako. Linavuta pumzi!"

Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho wa kusomea ubingwa wa mapafu na wagonjwa mahututi. Pilipili alipewa jina hilo kwa ukali wake. Mwenzake alikuwa amemposa mdogo wa Pilipili, harusi Jumamosi, na tangu siku ya posa hakuwa tena daktari fulani, alikuwa Shemeji tu.

Mashine yenyewe ilitoka wodini asubuhi ile. Ilikuwa imempumulia mchimba visima mmoja, mtu mwembamba aliyeletwa akinuka nywele zilizoungua, akang'ata mrija ukakatika, akamvunja mlinzi mkono, hadi alipokata roho akiwa ameshikwa na watu sita. Sista Mkuu, muuguzi wa miaka mingi, alikuwa na desturi yake: mgonjwa akifa, mashine inaachwa ipulize dirishani saa nzima kabla ya kuguswa. Madaktari wanafunzi walimcheka. Pilipili hakuwa na saa nzima ya kupoteza, kesho ilikuwa mtihani, basi aliichomoa kwa marehemu, akaiziba kwa pafu la mpira ikiwa bado inapuliza, akaisukuma hadi chumba cha mazoezi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anakumbuka methali siku ya mtihani?

"Itakuwa hewa inavuja," alisema Shemeji. "Nivalishe barakoa tumalize."

Kila mwanafunzi alitakiwa akae dakika kumi chini ya mashine, ajue mgonjwa anasikia nini. Shemeji ndiye alikuwa amebaki. Pilipili akachomoa kifuko, akamfunga mikanda nyuma ya kichwa. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa chumbani.

Pumzi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ikaja na harufu ya nywele zilizoungua. Ya tatu haikukoma.

Kifua cha Shemeji kilipanda, kikazidi kupanda, vifungo vya shati vikaruka ukutani, na Pilipili akasikia ubavu ukivunjika, kisha mwingine, huku mkono wa bwana harusi ukimdaka shingoni na kumbamiza kabatini mara mbili hadi vioo vikamwagika na damu ikamwingia machoni. Alizima mashine. Mashine ilizimika, kioo kikawa cheusi, lakini kifua kiliendelea kujaa, na ndani ya barakoa sauti nzito isiyo ya Shemeji ikanong'ona, "Sijamaliza kuvuta."

Sista Mkuu aliingia mbio. Alinusa tu, akalitupia dirisha kiti, kioo kikapasuka.

"Mwanangu, kitu kilichomo ndani yake kinataka kifua cha kukaa," alinong'ona. "Nitamvua hiyo barakoa. Nikivua, zuia pumzi. Kisipokuta anayevuta kitatoka nje. Usivute mpaka nikuambie. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Wote wawili wakazuia pumzi. Sista akakata mikanda kwa mkasi, akapigwa teke la tumbo lililomlaza sakafuni, akaamka mdomo ukichuruzika damu bila kufungua kinywa, akaivuta barakoa ikatoka na ngozi ya shavu. Kitu kikatoka. Hakikuonekana, ila kilipopita mapazia yalijikunja, mitungi ikaanguka, vipande vya vioo vikaburuzwa sakafuni kumzunguka Pilipili, kikamnusa puani, kikamnusa masikioni, kikaenda kwa Sista, kikarudi, na muda wote huo Pilipili alikuwa akimtazama Shemeji chini, midomo imekuwa ya buluu, shingoni hakuna mapigo hata ya kusingizia, na mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, ulioanguka kutoka kabatini, umechanika vipande viwili.

Alianza kumkandamiza kifua juu ya mbavu zilizovunjika. Haikutosha. Shemeji alihitaji kupuliziwa pumzi, na pumzi haitolewi bila kuvutwa. Akilini akamwona mdogo wake akipimwa gauni la harusi. Sista alikuwa akimtikisia kichwa kwa nguvu, machozi yakimtoka, hapana, hapana.

Pilipili akavuta.

Akampulizia mara mbili, akakandamiza, akampulizia tena. Shemeji akakohoa damu, akalia kwa maumivu kama mtoto. Alikuwa hai! Mapazia yakatulia. Sista akaachia pumzi kwa kishindo, akatambaa hadi kwa Pilipili, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, niambie ukweli nikusaidie mapema. Ulivuta kabla hakijatoka dirishani?"

Pilipili alitaka kusema ndiyo. Alitaka kumlilia, amshike miguu, amwambie, mama, kimo humu, kinanikwaruza mbavu kwa ndani.

"Hapana, mama," mdomo wake ulijibu, mtamu kuliko alivyowahi kusema. "Nilisubiri kikatoka."

Sista akamkumbatia, akamshukuru Mungu. Kisha akageuka kumfunga Shemeji bandeji, na Pilipili akatazama mikono yake mwenyewe ikiokota mkasi.