Tangi la Watu Wawili

Maji yakimwagika huzoleka. Wanaosema hayazoleki hawajawahi kushika tambara, wala hawajampata mtu wa kupiga magoti upande wa pili wa dimbwi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na duka la vifaa vya mabomba lilifurika wateja. Mmoja wao, mwenye vidole visivyotulia, alifungua koki ya tangi la maonyesho akidhani ni tupu. Halikuwa tupu. Lita thelathini zilitambaa sakafuni zikaishia kwenye viatu vya kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, suruali yake nyeupe kwa unga wa ngano.

Binti wa kaunta ya hita za maji, ambaye wenzake walimwita Lita kwa sababu hata huzuni aliipima kwa lita, alichupa na tambara mkononi. Alikuwa na koti la kazi la buluu na kilemba cha njano kilichokaa upande. Kijana naye akavua aproni, akapiga magoti, akaanza kukausha.

"Samahani, kaka. Nimekulowesha."

"Hujanilowesha, umenikanda," alisema, akitazama unga uliogeuka donge magotini. "Imebaki hamira tu."

"Hamira katafute kwenu. Hapa tunauza moto."

"Moto ninao, dada. Nashinda kwenye tanuri."

Alikuwa mwoka mikate, mitaa miwili kutoka pale. Alikuja kununua koki ya karakana yake; aliondoka na koki na namba ya simu.

Miezi saba ikapita kama mvuke. Kila alasiri mkate ulifika kaunta ukiwa bado unachoma karatasi. Na kila unga ulipowekwa uumuke, simu ililia: "Nina dakika arobaini, mpenzi." Waliongea mpaka unga ukamwagika kwenye sinia. Lita alimtania kwamba ananukia kama ukoko wa mkate, naye akajitetea kwamba haoni kazi ya sabuni ya manukato mtu anayejimwagia maji ya bomba uani, asubuhi ya baridi kali.

"Moto naushiba kazini, laazizi. Nyumbani nipe baridi."

Lita alicheka, akasahau. Angelitia maanani neno lile, hadithi hii ingekuwa fupi.

Jambo moja alimwambia mapema, bila utani: yeye na mama yake ni furushi moja. Baridi yabisi ilikuwa imemfunga Mama vidole. Kila alfajiri aliamka na ngumi mbili. Lita akamjazia beseni la maji moto, Mama akatia mikono humo robo saa mpaka ikafunguka, ndipo akaweza kufunga vifungo vya gauni mwenyewe. Kaka mkubwa wa Lita alipojenga nyumba ya vyumba vinne, alihesabu wote wa kuishi humo, akahesabu hata gari. Mama hakumo. Tangu hapo, mtu akianza kuhesabu mbele ya Lita, sikio lake husimama.

Mwoka mikate alisema amesikia. Alipopata nyumba ya vyumba vitatu akaanza kuikarabati, akamwambia ni ya ndoa yao, na akamkataza kukanyaga mpaka iishe.

Ndipo siku moja akaja kaunta kama mteja, kifua mbele, kuagiza hita. Lita akachukua fomu huku akificha tabasamu.

"Wangapi watatumia maji haya?"

"Wawili."

Kalamu ikasimama. Lita akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kuwa amehesabu vizuri sana, akakonyeza jicho, akatazama saa. Unga ulikuwa unamngoja. Kwa watu wawili wazima wa kuoga haraka, kipimo ni lita hamsini. Lita akaandika hamsini, herufi zake zikiwa zimenyooka. Kisha akaenda stoo, akasimama katikati ya maboksi mpaka macho yakakauka.

Angeweza kuuliza ni wawili gani. Hakuuliza. Aliyewahi kuona mama yake akiachwa nje ya hesabu haombi asomewe tena kwa sauti.

Kesho yake simu ililia mara nne. Akapokea ya nne.

"Mpenzi, kwani nimekosa nini?"

"Hesabu yako nimeiona. Imetosha."

Akakata. Mwoka mikate naye akapandwa na hasira, maana alihukumiwa bila kusomewa shitaka, na mwanaume aliyezoea tanuri hajui kupoa upesi. Mikate ikakoma.

Siku ya nne Mama akauliza mikate imekwenda wapi. Lita, ambaye hakuwahi kuweza kumdanganya, akamweleza. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba binti hakosi nyumba kwa ajili ya mikono miwili mibovu. Asubuhi iliyofuata alibeba mfuko wake begani, kwa kuwa vidole havikuweza kuushika, akaenda kwa dada yake.

Huko maji yalichemshwa mtu akikumbuka. Lita alipomtembelea saa sita mchana, jua likiwa linachoma bati, alimkuta Mama amejizungushia mtandio mzito mpaka shingoni. Alipoufunua kidogo aliona vifungo vya gauni viko wazi, vyote, kuanzia juu hadi kiunoni.

"Nimeshazoea," Mama alisema, akaurudisha mtandio kwa kiwiko, akauliza habari za kazini.

Siku ya tisa alipiga simu fundi bomba wa dukani, mzee mcheshi aliyeitwa Spana. Alikuwa amepelekwa kufunga lile tangi la lita hamsini na mambo yamemshinda.

"Hebu njoo unieleze, mwanangu. Bafu la nyuma bomba liko chini, usawa wa mtu aliyekaa. Koki zake ndefu, hata kiwiko kinazisukuma. Na kuna kiti kimejengewa ukutani. Nani kwenu anaoga amekaa?"

Lita alikata simu. Alichukua futi yake ya kupimia kwa mazoea tu, akatoka na koti lake la buluu.

Mwoka mikate alikuwa mlangoni mwa ile nyumba, mikono kifuani. Alimuuliza kama amekuja kukagua. Lita akampita, akaenda moja kwa moja bafu la nyuma, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, mbele ya lile bomba fupi. Alikunja ngumi, akaisukuma koki kwa kifundo cha mkono. Ilisogea laini, bila kidole hata kimoja.

"Wawili," alisema bila kugeuka. "Mimi na Mama."

"Na nani mwingine? Mimi maji moto yananihusu nini?"

Spana akakumbuka ghafla kwamba spana yake imebaki nje.

Mwoka mikate hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema Jumapili tatu amekaa kwenye kile kiti, soksi mikononi ili vidole visifanye kazi, akijaribu koki moja baada ya nyingine. Alitaka Mama afungue mwenyewe, asimngoje mtu. Kumbe baada ya yote hayo yeye amewekwa kapu moja na yule kaka.

"Siku tisa, Lita. Na nasikia mama yako amehama kwa kosa ambalo sikulifanya. Niombe radhi tuyamalize. Siku ya kwanza uliniomba samahani kwa maji tu."

"Siku ile nilikuwa na kosa. Tangi nililijaza mimi."

"Na leo? Ungeuliza."

"Ningeuliza. Niliogopa. Nawe ungesema, lakini ulikuwa unalea siri yako." Alivuta futi kutoka ukutani hadi kwenye kiti. "Mama peke yake anataka beseni zima kabla hajaanza kuoga. Hamsini zingekwisha mimi bado nina povu. Hata hesabu yako nzuri ilikosea, kwa sababu ulileta idadi, hukuleta watu. Hili linarudi dukani. Litakuja la lita mia. La watatu."

"Nimekwambia mimi sihitaji."

"Nahesabu wanaoishi humu. Wanaojitoa sijui kuwahesabu."

Kicheko kilimfika mwoka mikate kooni, hasira ikakizuia hapohapo. Akauliza, Mama je? Lita akasema anakwenda kwake sasa hivi. Atamwambia ukweli, atamwomba radhi, maana yeye ndiye aliyemkosea. Na Mama akikataa kurudi, atakaa kizingitini mpaka akubali, kama atakubali.

Futi ilikuwa imelegea katikati. Mwoka mikate akainama, akaishika ncha ya pili, akaikaza.

"Na mimi?" akauliza.

Lita akasoma kipimo, akakiandika kiganjani, akainuka na magoti yake yaliyolowa.

"Wewe nimekuhesabu. Radhi siombi."