Flashi Isiyo na Jina

YAH: KUTOTAMBULIKA KWA KIFAA KIDOGO CHA KUHIFADHIA KUMBUKUMBU (FLASHI MOJA, NYEUSI), MALI YA OFISI

Hicho ndicho kichwa cha jalada lililofunguliwa ofisini kwetu. Ndani mna kurasa mbili, na ya pili imejaa mihuri. Ofisi sitaitaja. Itoshe kusema ipo Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ambayo ngazi zake zimechoka kuliko watumishi wake, na kazi yake ni kuhifadhi sauti za mila: nyimbo za harusi, za kilimo, ngoma za pepo. Mimi ni fundi wa kompyuta hapo. Mdogo wangu Salhiya ndiye anayekwenda mashamba kurikodi.

Alinipigia simu siku ya Alhamisi, jua likielekea kuzama, nami nimekaa Forodhani na bakuli la urojo ambalo sijalionja.

"Njoo ofisini. Na usinambie kumefungwa, ufunguo n'nao."

"Salhiya, nnakula..."

Kashakata.

Nilimkuta peke yake, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Jasho linamtiririka na hajifuti.

"Umekawia."

"Na wewe salamu umeziacha Mkokotoni?"

"Nimeacha mengi Mkokotoni, Hamid. Hebu tazama hii."

Akaitupa flashi mezani. Nyeusi, ya kawaida, zile zinazogaiwa kwenye semina pamoja na kalamu isiyoandika. Nikaichukua, nikairudisha mezani haraka.

Ilikuwa ya moto.

"Uliiweka juani?"

"Mkobani. Tangu jana."

Nilijua kilichomo, kwa sababu nyumbani kwetu Jang'ombe hakukuzungumzwa jengine wiki nzima. Mkataba wa Salhiya ulikuwa unamalizika. Mkuu wetu, Bwana Mbarouk, kampa sharti moja: alete ngoma ya pepo iliyorikodiwa vizuri, wageni waisikilize Ijumaa asubuhi. Hakuna sauti, hakuna mkataba. Jioni hiyo hiyo alikuwa kamtumia ujumbe, nao nimeusoma: "Nataka sauti, sitaki hadithi."

Basi Salhiya akaenda Mkokotoni kwa mganga mmoja, Bi Sichana, siku anampunga mwanamke aliyepandwa na pepo. Kinasa sauti cha ofisi huandika moja kwa moja kwenye flashi. Hakuna nakala nyengine. Hiyo ndiyo sauti, na hicho ndicho kibarua cha mdogo wangu, mezani, kinafuka joto.

Nikaichomeka kwenye tundu la mbele.

Kompyuta ikikipenda kifaa hutoa milio miwili inayopanda, kama mtu anayekaribisha mgeni. Ikikikataa, hutoa mitatu, mizito.

Du... du... du.

Ukatokea ujumbe ambao kwa Kiswahili cha ofisi ni huu: kifaa hakitambuliki.

"Hayo nshayaona mwenyewe," alisema Salhiya. "Mimi sikukuita uje kunisomea."

"Basi kaa kitako unyamaze."

Nikaichomeka tundu la nyuma. Du, du, du. Nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikaipuliza, nikairudisha. Du, du, du. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Nikahamia kompyuta ya mhasibu, ambayo hukubali kila kitu, hata virusi.

Du... du... du.

Safari hii haikukoma. Iliendelea polepole, kama kiganja kinachojaribu ngozi ya ngoma. Nikaichomoa. Mlio ukaendelea kidogo, halafu ukanyamaza.

"Unasikia harufu?" nikamuuliza.

"Ya nini?"

"Ubani."

"Ofisi hii hata sabuni ya choo haina, utasikia ubani?"

Lakini aliangalia mlango.

"Salhiya," nikamwambia, "uliichomoaje kwenye kinasa?"

Ndipo alipojifuta jasho.

"Kibali cha gari kilikuwa kinaishia alasiri," alisema. "Dereva anapiga honi nje. Ngoma haijafungwa. Pepo kashapanda, Bi Sichana anamuuliza jina, na yeye hajibu. Anamuuliza, hajibu. Nikaona n'takwama huko, na gari likilala nje ya mji kuna barua ya kujieleza. Nikaichomoa."

"Kinasa kikiwa bado kinaandika?"

"Si nshakwambia?"

"Na Bi Sichana alisemaje?"

"Alisema hakuna anayeondoka ngomani kabla ya pepo kujitaja na kuagwa. Akanambia niiache pale. N'iache, wageni niwaimbie mimi?"

Nikacheka, nakiri. Flashi ikichomolewa bila kuagwa huharibika. Hilo hata fundi wa mtaani atakwambia. Nikajiona nimekwishapata sababu. Nikafungua ile sehemu ya kompyuta inayoonesha kila kilichochomekwa, kiwe kimekubaliwa au kimekataliwa.

Ilikuwemo.

Imekaa chini kabisa ya orodha, imejaa pomoni. Lakini haina herufi, haina jina. Kompyuta inajua kuna kitu ndani yake, haijui ikiite nani.

"Ndiyo hii," nikasema. "Inataka jina tu."

Hapa nimtaje tena Bwana Mbarouk, maana anastahiki. Flashi zilipozidi kupotea, alitoa waraka: kila kifaa kipewe jina la mtumishi anayehusika nacho, ili kikipotea ijulikane wa kulaumiwa. Waraka umebandikwa ukutani, juu ya kompyuta ya mhasibu. Nikautii. Nadhani ni waraka pekee niliowahi kuutii pale.

Kisanduku kikatokea. Jina?

Nikaandika: SALHIYA.

Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza nilipobonyeza.

Milio miwili. Inapanda.

Salhiya akashusha pumzi, akaniegemea begani, kwa mara ya kwanza jioni ile akawa mdogo wangu. "Allah akuweke, kaka," alisema. "Nilikuwa nshakutukana moyoni."

"Najua. Nilisikia."

Faili lilikuwa moja. Nikalifungua. Ngoma. Vigelegele. Halafu sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, haina haraka:

"Wewe nani?"

Kimya. Mtu anahema.

"Nakuuliza kwa uzuri. Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?"

Kimya.

"Hapa ndipo nilipoichomoa," alinong'ona Salhiya. "Sasa hivi. Itakatika hapa."

Haikukatika.

"Wewe nani?"

"Salhiya."

Ilikuwa sauti yake. Si iliyofanana nayo. Yake, na kile kikwaruzo alichobaki nacho tangu utotoni baada ya surua.

Nikageuka kumtazama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi, na harufu ya ubani ikanijaa kooni. Ndipo simu ya Salhiya ikaita juu ya meza, jina la Bi Sichana linawaka. Yeye hakuinyanyua. Nikainyanyua mimi.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Wewe si Salhiya."

"Mimi kaka yake."

"Mwambie asikifungue kile kitu. Nimeota vibaya. Akilete huku, niimalize kazi yangu."

"Tushaifungua, Bi."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Amejitaja mwenyewe?"

"Hakujitaja... Tumempa sisi."

"Pepo hapewi jina, mwanangu. Hujitaja. Ukimpa, halirudishi." Sauti yake ikashuka. "Mmempa la nani?"

"La..." nikaanza. Nadhani alielewa.

"Muite ndugu yako," alisema. "Hapo hapo alipo. Muite nisikie nani ataitika."

"Bi Sichana..."

"Muite!"

Salhiya alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Namsikia anavyohema. Bega lake limegusana na langu.

"Salhiya," nikaita.

Hakutikisika.

"Salhiya!"

"Naam, kaka."

Ilitoka kwenye spika. Kompyuta imezimika, umeme hakuna, taa ya spika haiwaki... na ile sauti ikaitika kwa adabu, kama alivyolelewa.

Simu ikakatwa upande wa pili.

Na yule aliyekaa ubavuni mwangu akageuza uso. Akanitazama kama mwanamke anavyomtazama mwanamume aliyemgusa sokoni.

"Unamwita nani?" akaniuliza.

Hakuwa na hofu. Alikuwa amekerwa.

* * *

Asubuhi wageni walisikiliza, wakapiga makofi. Hasa pale pepo alipojitaja. Bwana Mbarouk akafungua jalada, akaandika: "Tatizo limetatuliwa. Mhusika apewe mkataba. Jalada lifungwe."

Flashi ikafungiwa kabatini, na mkataba ukachapishwa siku ile ile. Haujatiwa saini. Anayeletewa huusoma, huuliza Salhiya ni nani, huurudisha.

Jumatatu alikuja kazini, maana nilimshika mkono nikamleta. Mlangoni tuna mashine ya mahudhurio inayosoma kidole. Akaweka kidole chake.

Du... du... du.

Akaweka chengine. Mashine ikakataa. Bwana Mbarouk, aliyekuwa nyuma yetu, akatazama saa.

"Anawe mikono," alisema. "Au msugue kwa ufutio, si ndivyo mnavyofanya nyinyi mafundi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nimempeleka Mkokotoni. Bi Sichana alimkalisha juu ya mkeka, akafukiza, akamuuliza kwa uzuri, kisha kwa ukali: "Wewe nani?" Nilikisikia kile kimya. Nakijua, nimekisikiliza kwenye spika. Ni kile kile.

"Huyu uliyemleta hana jina la kumwitia," aliniambia nje, ananiangalia kwa chuki ambayo sina haki ya kuikataa. "Na mwenye jina umemfungia kabatini. Niletee kile kitu kabla hakijamzoea."

Nikaomba flashi. Nikajibiwa kuwa kilichokwisha kuhifadhiwa hakitoki ofisini bila kibali, na kibali hutolewa kwa maombi ya mtumishi ambaye jina lake liko juu ya kifaa. Nikasema mwenye jina hawezi kuomba. Nikaambiwa basi na aje mwenyewe aeleze kwa nini.

Nilijaribu kuiiba. Kabati lilifunguka kwa bisibisi bila tabu. Lakini nilipoishika, ikaniita. "Kaka," ikasema, polepole, ndani ya kiganja changu. Nami nikakaribia kufanya lile ambalo mama alitukataza sote tangu wadogo, kuitikia tunapoitwa magharibi na tusiyemuona. Ulimi ulitaka kusema naam. Niliuuma mpaka ukatoka damu. Flashi ikaanguka, na mlinzi akaja na tochi.

Ndiyo maana jalada limefunguliwa upya. Chini ya kichwa kile kile.

Nyumbani Jang'ombe mama hamwiti tena kwa jina. Humgusa bega, naye akageuka, akala, akarudi kukaa kitako anaangalia ukuta. Jirani wakiuliza, tunasema anaumwa. Hatusemi nini.

Kamati ya nidhamu imenitaka nieleze, kwa maneno mepesi na bila istilahi za kifundi, ni nini hasa kilichotokea. Nimeandika hivi:

Flashi haikuwa na jina. Niliipa la mdogo wangu. Sasa flashi ikiitwa inaitika, na mdogo wangu akiitwa haitiki.