Rangi Niliyopaka Alhamisi

"Mukul, nipe rangi nyekundu."

"Subiri kidogo, Morjina."

"Nimesubiri dakika ishirini. Karatasi imeshasema. Nipe."

Alikishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole, akanionyesha mimi, kisha akamwonyesha mama. Kilikuwa cheupe alipokibana kwenye kifuniko cha chupa ya maji yetu. Sasa kilikuwa cha kahawia, kama chai ya maziwa iliyochemshwa kupita kiasi. Kikibaki cheupe, kunywa uwezavyo. Kikigeuka hivyo, maji yana ile sumu ya ardhini isiyo na harufu wala ladha, inayokaa mwilini miaka na miaka kabla ya kujitokeza viganjani.

Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mikono ameificha kwenye upindo wa sari.

"Bomba hili alilichimbisha marehemu mume wangu aliporudi kutoka Kuwait," alisema. "Imamu alikunywa wa kwanza. Akasema maji haya ni matamu kuliko yote ya kijiji hiki cha Nolua."

"Ni matamu, mama. Tatizo si utamu."

"Na wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni Bibi Rangi."

Ndivyo walivyomwita kijijini, kwa kumkebehi, naye akalibeba jina bila kinyongo. Baba yake alikufa na viganja vyeusi. Dada yake akafuata. Morjina akabaki peke yake kwenye ile nyumba ya mabati ng'ambo ya shamba la mpunga, akauza cherehani, akanunua vifaa vya kupimia maji, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na makopo mawili ya rangi. Nyekundu kwa bomba lenye sumu, kijani kwa bomba salama. Kisha akauza hata kile kipande cha shamba alichorithi, akaita wachimbaji, wakashuka chini mno hadi kwenye maji safi. Bomba lake likawa la kijani, na geti lake akaliacha wazi kwa yeyote mwenye mtungi.

Hakuna aliyekwenda. Watu waliamini madoa ya kwao yanaambukiza.

Siku hiyo alipaka mdomo wa bomba letu mzunguko mzima, bila papara. Mama akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa wageni wa posa walikuwa wanakuja kutoka Hajiganj kumtazama mdogo wangu, Lipi.

Jioni nikampigia Morjina simu.

"Umekula?"

"Nimekula wali na dengu. Peke yangu, kama kawaida. Sema ulichopigia."

"Lipake kijani. Siku mbili tu. Wageni wakiondoka nalirudisha nyekundu mwenyewe."

Nikaendelea kabla hajajibu.

"Morjina, unajua mama kasema nini. Lipi akishaolewa, ndipo nikuoe wewe. Lipi asipoolewa, na sisi hatuna letu. Nani atachukua binti kwenye nyumba yenye bomba jekundu?"

"Unaniuliza mimi? Dada yangu alirudishwa nyumbani na wakwe zake, na begi lake, kwa madoa mawili ya kiganjani. Walisema ana ukoma. Alikufa humu ndani, Mukul, akila kwenye sahani yake ya peke yake."

"Basi unanielewa."

"Nikipaka la mama yako kijani, kesho kwa jirani yenu Hashem nitaingia na uso gani? Mimi sina cheo, sina mume, sina ukoo wa kunisemea. Nina rangi mbili, na watu wanaziamini kwa mbinde."

"Kwa hiyo rangi zako ni bora kuliko mimi."

"Usinifanyie hivyo," alisema, na sauti ikamtoka ndogo. "Nakupenda. Lala salama."

Mimi ni fundi simu pale sokoni. Kazi yangu ni kufungua vitu vya watu na kuvifunga bila alama, na nadhani ndiyo iliyonipa kiburi. Alhamisi, wanaume wakiwa bado msikitini kwa swala ya alfajiri, nilichukua kopo la kijani nililolinunua sokoni usiku, nikapaka juu ya nyekundu, tabaka mbili. Nilijiambia naifanya kwa ajili ya mapenzi.

Mama alitoka, akasimama nyuma yangu, akatazama.

"Hapo chini hujafikia," alisema, akarudi ndani.

Haikufika saa nne, shemeji Parul, mke wa jirani wa nyumba ya tatu, akaingia uani na mtungi kiunoni. Tumbo lilikuwa limemtangulia.

"Kumbe lenu limekuwa kijani, shemeji? Alhamdulillahi. Letu amelipaka jekundu tangu mwezi wa tatu. Mama mkwe kanikataza kwenda kwa yule binti, anasema nitazaa mtoto wa madoa. Ila hapa kwenu hana neno, ni nyumba ya heshima."

Nilifungua mdomo. Nikamtazama mama. Mama akatazama kuku.

"Chota tu," nikasema.

Alasiri walikuja wanawake watano. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nawadanganya wageni wa Hajiganj, kumbe kijani kinaita. Wanawake walikuwa wametafuta kijani mwaka mzima mahali ambapo hawataona haya kuchota, nami nikawapa.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa Morjina.

"Nani kapaka?"

Nikajibu: "Ni kwa siku mbili tu. Tafadhali."

"Hashem amekwangua rangi yangu na kupaka kijani. Anasema kama la mchumba wangu limegeuka, na lake limegeuka. Wengine wawili wamemfuata."

"Nitaongea nao, nakuahidi."

Kisha ukaja ujumbe mmoja tu:

"Parul ana miezi saba."

Nilipiga. Hakupokea.

Ijumaa baada ya swala wageni wakafika: bwana harusi mtarajiwa, mjomba wake na shangazi mmoja mwenye miwani. Mama alikuwa amepika tambi za maziwa, nami nilileta rosogolla, vile vitamutamu laini vya maziwa, kutoka sokoni. Lipi akaletwa akiwa amejifunika kichwa, akaketi mkekani. Shangazi hakuuliza kama anajua kupika wala kama amehitimu Korani. Alimwambia:

"Mwanangu, nipe mikono."

Ndivyo wanavyoposa siku hizi upande wetu. Aliigeuza ile mikono kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa viganja kwa kidole gumba.

"Laini," akamwambia mjomba. "Na bomba nimeliona, kijani. Kaka, mimi sina swali."

Mjomba akacheka, akanyoosha mkono kuchukua glasi ya maji. Lipi akainamisha kichwa akitabasamu, na Wallahi sijawahi kumwona mdogo wangu ana furaha vile.

"Hodi humu," sauti ikaita uani. "Samahani kwa wageni. Nachota mtungi mmoja tu."

Alikuwa Parul. Nikasikia mkono wa bomba unapanda na kushuka. Nikaona nina uwezo wa kukaa kimya, na kwamba nikikaa kimya dakika hiyo nitakaa kimya maisha yangu yote.

Nikainuka, nikatoka barazani.

"Shemeji Parul, usichote. Mwaga."

"Kwa nini?"

"Bomba hili ni jekundu. Morjina alilipima Jumatano akalipaka jekundu. Kijani nimepaka mimi, jana alfajiri, ili wageni hawa wasione."

Hakuna aliyegomba. Afadhali wangegomba. Mjomba aliiweka glasi chini, akafuta vidole kwa leso. Shangazi akasema watatuma habari, kwa upole wa mtu asiyekusudia kutuma. Rosogolla hazikuguswa. Parul alimwaga mtungi wake pale pale, akanitazama.

"Jana nilikunywa glasi tatu, shemeji. Uliniona."

Mama alikusanya vyombo. Lipi aliingia chumbani. Alipotoka siku iliyofuata, aliniwekea chakula mezani akapita kana kwamba kiti changu hakina mtu.

Nililipaka bomba jekundu mchana kweupe, watu wakitazama. Kisha nikaenda kwa Morjina. Geti lilikuwa wazi kama siku zote, mlango wa nyumba umefungwa.

"Nimesema ukweli," nikauambia mlango. "Mbele ya wageni wote."

"Nimesikia."

"Basi fungua."

"Umesema ukweli kwenye nyumba moja, Mukul. Uongo wako uko kwenye nyumba tatu, na hao hawakuwepo kwenye posa yenu." Nikasikia akivuta pumzi. "Leo nimekwenda kwa Hashem kupima upya. Mkewe kanifungia geti. Kaniambia, nyekundu au kijani, yote rangi tu. Unajua nimeishi miaka minne bila mtu wa kula naye? Nilivumilia, kwa sababu rangi yangu ilikuwa na maana. Wewe umenichukulia hiyo."

"Nifanye nini?"

"Nenda nyumbani."

Nilikwenda. Mvua zikaja, shamba la mpunga likawa ziwa, kijiji kikajifungia. Kila jioni baada ya kufunga duka nilikuwa napita kwa wale watatu na kopo langu la rangi nyekundu. Hashem alinifukuza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wa pili alinikaribisha, akanipa chai, na nilipomaliza chai akaniambia nitoke. Nyumbani nilikuwa nala peke yangu. Mama alikuwa anaendelea kunywa maji yale yale.

"Ni maji ya marehemu," alisema nilipomsihi. "Utanitenga na mume wangu tena?"

Kila nilipotoka kwenye mizunguko yangu nilimwandikia Morjina.

"Leo Hashem hakunifukuza. Amenitazama tu."

"Parul amejifungua. Mtoto wa kike, mzima. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua."

"Hashem amekubali. Nimepaka. Mkewe analia kwamba hana pa kuchota, na hataki kuja kwako. Nimeshindwa kumjibu."

Alama mbili za kusomwa zilitokea kila mara. Jibu halikuja. Mtu asipokujibu unaweza kujidanganya kuwa simu imeharibika. Mimi ni fundi, nilijua kwamba haijaharibika.

Ukafika wakati wa baridi, ukungu mpaka saa tano, watu wakijipaka mafuta ya haradali. Asubuhi moja nikiwa dukani, simu ikalia. Lipi. Hakuwa amenipigia tangu ile Ijumaa.

"Kaka."

"Lipi? Kuna nini?"

"Nilitaka kumpaka mama mafuta mikononi, akakataa. Nikamvuta kwa nguvu." Alikuwa analia. "Viganja vyote vina vijipunje vigumu kama mchele. Anasema ni mwaka wa tatu huu. Kaka, yule shangazi aliitazama mikono yangu, na mama alikuwa amekaa pale pale, ameficha ya kwake."

Nikamkumbuka siku ya kwanza, ule upindo wa sari. Tangu mwanzo alikuwa anajua.

"Yuko wapi sasa?"

"Amechukua mtungi. Yuko njiani, anapita katikati ya kijiji, na hataki nimshikie. Namfuata nyuma. Usikate simu."

Mama yangu alikuwa hajabeba mtungi nje ya ua wake tangu alipokuwa bibi harusi. Nilisikia nyayo za Lipi, nikasikia mbwa, nikasikia mageti yakifunguliwa moja baada ya jingine, na wanawake wakiulizana. Kisha sauti ya mama, karibu kabisa.

"Assalamu alaikum, mwanangu. Bomba lako linatoka maji?"

"Waalaikumu salaam, mama. Linatoka." Ilikuwa miezi saba sijaisikia sauti hiyo.

"Mikono yangu ni mibovu. Utanipampia?"

"Nionyeshe, mama."

Nikasikia mtungi ukiwekwa chini.

"Madoa ya baba yangu yalianzia hapa hapa," Morjina alisema. "Lakini hakuwahi kuacha yale maji. Wewe utaacha, na kesho nakupeleka kwa daktari wa mjini. Kaa hapo."

Mkono wa bomba ukaanza kulia. Juu, chini. Nikasikia sauti nyingine ikiita kutoka njiani, nikaitambua. Alikuwa mama mkwe wake Parul.

"Mama Mukul, wewe unachota kwenye nyumba hiyo?"

"Nachota," mama akajibu. "Na wewe mjukuu wako anakunywa wapi? Kalete mtungi wako."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika, mteja mbele yangu akiulizia kioo chake, mimi simsikii. Kisha ikatetemeka mkononi. Ujumbe mmoja, kutoka kwa namba ambayo nilikuwa nimeiandikia miezi saba.

"Mtungi wa mama yako ni mzito. Njoo uubebe."

Sikumbuki kama nilifunga duka.