Mboga za Kanyosha

Saliha alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni Bwiza. Siku moja, katika msongamano, karani mmoja aliyevaa viatu vinavyong'aa alimkanyagia kitenge kipya, akaomba pardon mpaka Saliha akacheka. Huyo ndiye Gélase. Tangu hapo hakununua mboga za lengalenga ila kwa wanawake waliouza mbele ya kibanda kile.

Vita vilipokaribia mji, mapenzi nayo yalikuwa yameshakolea. Jumamosi simu ikalia.

"Chérie, kesho mama anakungoja Kanyosha."

"Gélase, barabara imefungwa. Wanapigana."

"We unaogopa tu. Kila mutu na mawazo yake."

"Apana! Mama yako atanipenda ao hatanipenda, hapo kila mutu na mawazo yake. Lakini barabara, mutu anaenda kuangalia!"

"Sema tu, wewe Muislamu hutaki mama Mukristo."

Simu ikakatwa. Saliha alilia, tena kwa hasira.

Asubuhi Gélase alifika kibandani, shati jeupe limenyooshwa, uso umekunjwa.

"Nakwenda peke yangu."

"Kwanza angalia hapa."

Wanawake wa Kanyosha, kusini mwa mji, huteremka na lengalenga kila alfajiri. Hata mvua ya mawe haiwazuii. Leo mahali pao palikuwa patupu.

"Nani alikuambia njia iko wazi?" Saliha aliuliza.

"Méthode, dereva wa basi."

"Alipita lini?"

Gélase akahesabu siku. "Juzi."

Mara mizinga ikanguruma upande wa kusini. "Mama!" Gélase akachomoka mbio. Saliha akamdaka shati, likachanika mgongoni, naye hakuliachia.

"Ukikufa njiani, nani atamupokea?"

Wakangoja, mkono ndani ya mkono, ule wa pili wa Saliha bado kwenye shati. Hatimaye watu wakaanza kumiminika kutoka kusini, na kati yao mama mmoja, godoro kichwani, kandambili mguu mmoja. Alikuwa Dévote, mama yake Gélase.

Gélase akamkumbatia huku akilia. Saliha akalipokea godoro kwa mkono mmoja.

Dévote akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Mi hiki kitambaa cha kichwa sikipendi."

"Hapo una haki yako, mama," Saliha akajibu.

"Mama," Gélase akasema, "alisema ukweli wa barabara, mi nikamuita mwoga. Nataka kumuoa."

Dévote akautazama mkono wa Saliha, bado umeshika lile shati lililochanika.

"Ile ya kitambaa tutabishana," akasema. "Hii ya kukushika naiona kwa macho."